Njumu Chini ya Rangi ya Kijani

Mimi ni mtu mwenye kinyaa, na ni afadhali niliseme hilo mapema. Siwezi kunywa maji kwenye kikombe alichoacha mwingine. Siwezi kukaa jirani na mtu anayetafuna ameachama. Msimu wa maembe hapa Tabora, ambao wenzangu huungoja mwaka mzima, kwangu ni adhabu: maembe yanadondoka, yanapasuka, yanachacha juani, inzi wanayafunika mpaka yanaonekana meusi, na watu wanayakanyaga huku wakisalimiana kana kwamba hakuna kitu. Mama alikuwa akiniambia kwamba nilizaliwa na pua ya mtu mwingine, mtu mwenye mali, na kwamba tajiri huyo sasa anazunguka huko aliko na pua yangu mimi bila kusikia harufu yoyote.

Baba hakuwa na kinyaa hata kidogo. Aliweza kumenya chungwa na kulila huku akikoroga sufuria ya gundi inayonuka mzoga. Alikuwa mtu wa kucheka. Katika habari hii ninayotaka kuisimulia alicheka mahali ambapo, kwa maoni yangu ya wakati ule, mtu mwenye akili timamu angetapika.

Alikuwa fundi seremala, na kazi yake hasa ilikuwa njumu. Siku hizi wengi hawalijui neno hilo. Njumu ni nakshi ya kupachika: unachimba umbo kwenye ubao kwa patasi, unakata umbo lile lile katika mti wa rangi nyingine, unalitia gundi na kulipachika katika shimo lake, halafu unapiga randa na msasa mpaka mti na mti viwe kitu kimoja. Kipimo chake ni mkono. Jicho linatakiwa kuona maua, lakini mkono ukipita juu yake usione kitu. Ndivyo baba alivyonifundisha, naye alifundishwa hivyo na babake, aliyepamba vitanda na milango ya wafanyabiashara tangu enzi ambazo njia ya misafara ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya nchi hii.

Katika milango ya zamani ya mji wetu utaona mnyororo umechongwa pembeni, ukizunguka fremu nzima. Babu aliuchonga kwa sababu waliomwagiza waliutaka. Baba hakuuchonga kamwe. Alisema mji huu ulishaona minyororo ya kutosha ikielekea pwani, hauna haja ya kuchongewa mingine. Yeye aliweka mshipi wa majani yanayofuatana, na katikati ua la yungiyungi lenye petali pana. Ua hilo lilijulikana. Mtu akiingia nyumba yoyote kuanzia mtaa wa Cheyo hadi Chemchem na kuliona kwenye kasha au kwenye kitanda, hakuuliza ni mkono wa nani.

Kisha likaja Azimio la Arusha, ukaja ushirika, na mafundi wa mjini tukakusanywa katika karakana moja. Sikatai shabaha yake. Nilikuwa kijana, niliziimba nyimbo zile kwa moyo wangu wote, na hata leo sioni ubaya wa watu kufanya kazi pamoja. Ninachokikumbuka kwa kichefuchefu ni madawati. Tulitengeneza madawati ya shule kwa mbao zilizokatwa juzi. Ukipiga msumari, maji yanachuruzika pembeni mwake. Yalitoka karakanani yakiwa yamenyooka, na yakishafika darasani yalianza kujipinda mguu mmoja mmoja, mpaka mtoto akikaa upande huu mwenzake ananyanyuka upande ule. Ili kuficha mipasuko tuliyapaka rangi ya mafuta ya kijani, nzito kama uji wa mgonjwa, iliyoletwa kwa madebe na ambayo hakuna aliyejua iliagizwa na nani. Harufu yake iliganda kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali.

Baba, ambaye zamani aliuacha ubao ukauke misimu kadhaa kabla hajaugusa, alisimama pale na brashi akipaka madawati. Hakuna aliyekataza njumu. Ilionekana tu kuwa ni pambo la mabwanyenye, na hakuna aliyetaka jirani zake wamwone akiagiza. Miaka ikapita bila baba kupachika hata ua moja. Na katika miaka hiyo hiyo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Hospitali walimwambia kwamba ni ugonjwa ambao ukishachukua haurudishi, na kwamba utaendelea kuchukua. Alirudi nyumbani akatuambia kwa sauti ya kawaida, halafu akamtania mama kwamba sasa ataanza kumwona mzuri tena.

Mwenyekiti wa ushirika wetu alikuwa Mzaramo, aliyeletwa kutoka pwani kuja kutusimamia. Sisi tunajihesabu Wanyamwezi wa mjini, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuwa mkubwa wetu wa kazi tu, alikuwa mtani wetu, na nyumba yetu ikawa yake. Aliingia bila kupiga hodi. Badala ya kumpa baba shikamoo, ingawa baba alimzidi umri, alituita watumwa wake, na baba alimwita mtumwa mtoro, na wote wawili walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alikuwa na mtungi wa asali kutoka kwa warina wa porini. Mtu yule aliufunua, akachovya kidole, akakilamba mpaka kwenye kifundo, akakichovya tena. Aliikoroga asali yetu kwa kidole chenye mate, akitusimulia habari za Dar es Salaam, na maganda ya karanga alizotafuna aliyatemea kwenye vumbi la randa. Tangu siku ile sikuonja asali nyumbani kwetu. Baba alijipakulia kama kawaida.

Mimi nilikuwa napiga gitaa. Tulikuwa na kibendi chetu cha mtaani pale Chemchem, magitaa ya kawaida na ngoma za kujitengenezea, na wakati ule kila kijana mwenye vidole alitamani gitaa la umeme. Madukani hayakuwepo. Sabuni yenyewe haikuwepo. Nikamwambia baba kwamba nitajitengenezea mwenyewe, maana gitaa la umeme halihitaji tumbo wazi, ni ubao mzima tu, na ubao ndiyo kazi yetu. Nilitegemea atanicheka. Badala yake akaniomba nimwachie uso wa gitaa.

"Mlango unaangaliwa na anayebisha hodi," alisema. "Kitanda kinaangaliwa na wawili. Hilo lako litaangaliwa na mji mzima kwa wakati mmoja. Nataka nilitie ua langu kabla sijaacha kuona, nisikie watu wanasemaje."

Nilielewa. Alikuwa ameshapima: ukungu ule ungemwachia kazi moja, si mbili.

Ubao tuliupata kwa jirani yetu Mwarabu, ambaye familia yake ilikuwa na duka hapa tangu zamani. Walipofunga na kuondoka alimwachia baba mlango wa stoo, mlango wa mninga ambao babu mwenyewe ndiye aliyeutengeneza. Mti ule ulikuwa mkavu kuliko mfupa. Nikakata humo mwili wa gitaa. Shingo niliichonga kwa mti wa mkurungu, na juu yake nikapiga vipande vya shaba nilivyokata kwenye ukingo wa sinia bovu, kila kimoja mahali pake kwa kuigiza gitaa nililoazima. Kinasa sauti, kile kinachopokea mlio wa nyuzi, nilikizungushia waya mwembamba kama unywele, niliouchambua ndani ya redio mbovu, juu ya sumaku ya spika. Nyuzi nyingine nilizitoa katika waya wa breki ya baiskeli. Nilikuwa na vidonda vya vidole mwezi mzima.

Tatizo lilikuwa petali. Kwa majani baba alikuwa na vipande vya mpingo vilivyobaki tangu enzi za njumu zake. Kwa ua alitaka mti mweupe, na katika nyumba nzima hapakuwa na hata kipande. Mjomba wangu wa kijijini Ntalikwa alikuwa ameangusha mchungwa mzee uliokuwa ukikauka upande mmoja, akatuletea gogo kwa baiskeli. Mchungwa una rangi nzuri, ya manjano hafifu, na hauna nyuzi zinazochanika. Lakini gogo lile lilikuwa bichi. Ulipolipasua lilinuka chungwa. Kwa kawaida baba angelikata vibao, angevitundika juu ya meko ya mama, na kuvisahau huko mpaka masika mawili yapite.

Nilimwambia tusubiri. Mimi niliyekuwa nikitapika kwa ajili ya madawati mabichi ya ushirika, sikutaka kitu cha namna hiyo kwenye gitaa langu. Baba aliniangalia kwa kugeuza kichwa upande, maana upande ndiko alikoona vizuri zaidi siku hizo. Alisema mchungwa unaweza kusubiri, yeye hawezi. Utakauka humo humo ndani.

Basi akaanza. Nimeona mambo mengi mabaya katika maisha yangu, lakini gundi ile sijapata kuona mfano wake. Gundi ya dukani ilikuwa imeadimika, kwa hiyo baba alifanya kama babu: aliokota vipande vya ngozi na kwato machinjioni, akaviloweka mpaka vikalainika na kuanza kutoa povu, akavichemsha uani siku nzima. Majirani walifunga madirisha. Kuku walihama. Mimi nilitapika nyuma ya choo, nikarudi, nikatapika tena, na baba akiwa ameinama juu ya sufuria anakoroga, mvuke unamwingia puani, anacheka kwa sauti na kuniuliza kama nitapenda supu kidogo. Mama alimwambia aache. Hakuacha.

Lakini alipokaa na patasi hakucheka. Alifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa linaingia uani kwa ubavu, uso wake ukikaribia kugusa ubao. Alichimba, akapuliza, akapapasa kwa ukucha, akachimba. Petali ya mwisho ilipoingia alinipa nipige msasa, halafu akafumba macho akapitisha kiganja juu ya ua lote. Mkono haukuona kitu. Tukalipaka nta ya nyuki tukasugua kwa kitambaa, na mninga ukawaka wekundu wake, ua likakaa katikati karibu jeupe, majani meusi yakilizunguka. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama kile kabla ya hapo wala baadaye. Nikaliunganisha na redio ya nyumbani, nikalipiga, likalia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kutusikiliza.

Tulikubaliana kwamba watu wataliona siku ya sikukuu ya wakulima, uwanjani, ambako kila bendi na kila ngoma ya mji ingecheza. Baba alikwisha kushonesha kanzu kwa ajili ya siku hiyo.

Mtani wetu alikuja alasiri moja kabla ya sikukuu. Aliingia kama alivyozoea, akaelekea kwenye mtungi, akalamba asali yake. Gitaa lilikuwa juu ya mkeka. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu kidole kile, bado kinang'aa kwa mate na asali, akakiweka juu ya ua na kukizungusha petali baada ya petali. Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kulifutia.

"Mtani, hili nimelichukua," alisema. "Bendi ya ushirika haina gitaa la umeme, na nyinyi watumwa wangu mnanificha mali."

Nilisimama. Baba alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa seremala, haukuwa wa kuchezea. Akamwambia mtani achukue, mwizi mkubwa, mtumwa asiyeshiba. Akacheka. Na yule mtu akachukua kweli, akalitia kwapani akaondoka nalo, akicheka mpaka barabarani.

Wasiozaliwa katika utani hawatanielewa, wataniuliza kwa nini hatukumfuata. Mtani anaweza kukuvua kofia, akaondoka na kuku wako, akakutukania ukoo mzima, na wewe huna haki ya kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyevunja, na aibu ni yake. Baba alilieleza jambo hili kwa habari za wapagazi. Wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani walipita katika nchi ya Wazaramo, na waliofia njiani hawakuwa na ndugu wa kuwazika. Waliwazika watani, watu ambao jana yake walikuwa wakitukanana nao. Ndiyo maana mtani husamehewa kila kitu, alisema baba. Mimi nilimjibu kwamba utani niliouona tangu utotoni ni wa kofia na kuku. Huu ulikuwa unyang'anyi uliovaa nguo za utani, tena nguo chafu, na yeye alikuwa ameufungulia mlango. Sikula nyumbani siku ile. Nilimchukia mwenyekiti, lakini baba ndiye aliyenitia karaha zaidi.

Hata hivyo siku ya sikukuu nilimpeleka uwanjani. Alivaa kanzu yake mpya. Alisema gitaa ni lile lile, awe analipiga nani, na ua litaonekana tu. Njia nzima alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuozesha binti. Nilimtafutia mahali mbele, karibu na jukwaa, kwa sababu kutoka mbali asingeona hata watu wenyewe.

Zilipita ngoma, zikapita hotuba. Mwenyekiti alikaa jukwaani na wakubwa wengine akichokonoa meno kwa njiti na kuitazama ile njiti kila alipoitoa. Kisha bendi ya ushirika ikapanda. Nilitazama, nikatazama tena. Ngoma zilikuwa za kijani. Masanduku ya spika yalikuwa ya kijani. Na kijana aliyesimama katikati alikuwa ameshika gitaa la kijani, kijani cha madawati, kilichopakwa kwa brashi pana, matone yameganda ukingoni kama makamasi.

Baadaye niliambiwa sababu, na sababu yenyewe ndiyo iliyonimaliza. Hakuna aliyesema ua lile ni la kibwanyenye. Hakuna aliyelichukia. Rangi ilibaki kwenye debe, na mtu fulani akaona vyombo vya bendi vingependeza vikiwa na rangi moja. Kama wangelivunja kwa chuki ningeweza kuwaheshimu kidogo.

Walianza kupiga. Sauti ilikuwa nzuri, hilo siwezi kukana. Baba aliinama kuelekea upande wangu.

"Watu wanasemaje?" aliuliza. "Ua linaonekana?"

Nilitafuta uongo wa kumwambia, nikakosa hata mmoja ambao ungedumu mpaka nyumbani. Nikamwambia kwamba wamelipaka rangi. Akauliza rangi gani. Nikasema kijani, ile yetu ya madawati.

Wimbo ukaendelea. Nilimwona akikunja na kukunjua pindo la kanzu. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi, na yeye akacheka, kicheko kifupi kilichotoka puani, akaniomba nimpeleke nyumbani. Njiani nilimwaga yote. Nilimwambia kwamba mtani wake ni nguruwe, kwamba ameichezea kazi ya mwisho ya baba kama mtoto anavyochezea kinyesi, na kwamba yeye baba amekaa anamchekea. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Baba alinisikiliza akiwa ameweka mkono begani kwangu, maana vumbi na jua la jioni vilikuwa vimemfunga macho kabisa.

"Sasa unapiga kelele za nini?" aliniuliza mwishoni. "Kwani yeye hatakufa?"

Nilidhani ni mzaha, tena mzaha wa kuchukiza. Nikamuuliza itakuwaje yeye baba akitangulia. Akasema basi nitakwenda mimi mwanawe badala yake.

Miaka ile ilipita vibaya kwangu. Baba alipofuka kabisa kabla ya masika ya pili. Ushirika ulidhoofika, karakana ikabaki na popo na kinyesi chao, bendi ikatawanyika, na kila aliyekuwa na ufunguo alijichukulia alichoweza kubeba. Mwenyekiti hakurudi pwani. Alioa hapa hapa, akajenga, akaendelea kuja kwetu kulamba asali, akizidi kunenepa, akizidi kutukana. Mimi alipoingia kwa mlango huu nilitoka kwa ule. Baba hakuwahi kumuuliza kuhusu gitaa. Walikaa uani wakicheka, kipofu na mnyang'anyi wake, na nikiwasikia kutoka barabarani nilitema mate chini, mimi ambaye siwezi kuvumilia watu wanaotema mate.

Halafu mtani akafa. Alianguka bafuni asubuhi, ikaisha hivyo. Habari ilipofika baba alilia machozi ya kweli, jambo ambalo pia lilinikera. Kisha akaosha uso, akaomba ile kanzu, na akaniambia nimpeleke msibani haraka kabla jeneza halijatoka.

Nyumba ilijaa. Wazaramo wachache wa mjini walikuwepo, na Wanyamwezi watani wengi, ambao walishaanza kazi yao: mmoja alikuwa ameficha jembe la kuchimbia kaburi, mwingine amejipaka majivu akiigiza marehemu anavyotembea na tumbo lake. Waliofiwa walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja. Maiti ilikwisha oshwa na kuswaliwa, na wanaume walikuwa wanaliinua jeneza. Baba aliniambia nimfikishe kwenye kizingiti cha mlango wa ua. Nikamfikisha. Akalala chini. Alinyooka chali, kipofu yule, katikati ya njia, na kanzu yake nyeupe, akakunja mikono kifuani kama maiti.

"Hatoki mtu hapa," alisema. "Mtumwa wangu ana gitaa langu. Alete, au tuzikwe wote wawili, na mimi nitakaa juu."

Watu waliangua kicheko. Mtoto mkubwa wa marehemu, kijana mwenye adabu, alichuchumaa akampa shikamoo na kumsihi, akamwambia hajui habari ya gitaa. Baba alimjibu marahaba na kufumba macho kana kwamba amelala usingizi. Wenye jeneza walisimama jeneza likiwa mabegani, jua linawawakia. Msibani mtani ana haki ya kuzuia jeneza mpaka apewe anachodai, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumnyanyua, na hakuna aliyethubutu kukasirika. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa amelisubiri jambo hili kwa miaka yote ile, bila kuvunja kitu, akicheka na mtu wake mpaka siku ya haki yake ilipofika. Mwishowe mwanamke mmoja wa nyumba ile alikumbuka, akanong'ona, na kijana akakimbilia nyuma.

Lilikuwa kwenye banda la kuku. Walilitumia kuziba mlango wa banda, shingo imeegemezwa ukutani na jiwe limewekwa chini yake. Nyuzi hazikuwepo. Shingo yenyewe ilikuwa imelegea, na mwili wote, mbele na nyuma, ulikuwa umefunikwa na mavi ya kuku, ya zamani yaliyokauka na mapya juu yake, na manyoya yamenata humo. Kijana alilimwagia ndoo ya maji mbele ya watu wote na kulisugua kwa gunzi la mahindi, akiona haya. Baba alipolipata mkononi aliinuka, akapangusa kanzu, akaligusa jeneza kwa kiganja na kusema, "Nenda salama, mwizi wangu." Na alikwenda na wengine kumzika, gitaa likiwa kwapani mwake.

Nyumbani nililiosha kwa maji ya moto na majivu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikampa. Alikaa kwenye mkeka uani, gitaa mapajani, na kwanza akapapasa ukingo, akacheka kidogo alipokutana na matone ya rangi. Kisha kidole gumba chake kikaingia katikati ya uso wa gitaa, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena polepole.

Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Uso wa baba ulikunjamana, midomo ikajivuta chini, pua ikapanda. Ilikuwa sura yangu mimi mbele ya kikombe cha mwingine.

"Mchungwa ulikuwa mbichi," alisema. "Umenywea humu ndani. Kila petali imezama. Hii ni kazi ya aibu."

Nikagusa. Ni kweli. Gundi ile yenye uvundo ilishika, hakuna kilichobanduka, lakini chini ya rangi mchungwa ulikuwa umeendelea kukauka mwaka baada ya mwaka, ukisinyaa na kudidimia kwa unene wa ukucha, na rangi imefuata. Kwa jicho hukuona kitu ila kijani. Kwa mkono ulikuwa unasikia ua zima.

Nilimwambia asijali. Nitakwangua rangi yote, nitajaza mabonde kwa nta na unga wa mchungwa, nitapiga randa na msasa mpaka mkono usione kitu, kama siku ile tulipolimaliza. Nilikuwa tayari nimesimama kwenda kuchukua randa. Baba alikuwa ameinamia gitaa. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshamaliza petali ya kwanza na kuingia ya pili, kikafuata ukingo mpaka kwenye ncha, kikaruka mahali panapotakiwa kuruka, kikashika majani, jani baada ya jani, bila kukosea hata mahali pamoja.

"Usilisawazishe," alisema. "Ukilisawazisha sitaona kitu."

Sikulisawazisha. Alikaa nalo mapajani kila alasiri mpaka alipofariki. Rangi nayo nimeiacha, kwa sababu imeingia kwenye ubao na huwezi kuitoa bila kupiga randa. Liko ukutani kwangu, kijani kile kile cha madawati, na kila nikiliangalia kinyaa kinanirudia. Wageni huniuliza kwa nini natundika kitu kibaya namna ile. Nawaambia wanawe mikono kwanza, kwa sabuni, halafu wafumbe macho.